Senti Themanini na Moja

Lorine alikuwa na daftari jeusi ambamo aliandika makisio yake, kila moja na asilimia yake. Jambo likishapita, aliandika pembeni kama lilitokea au halikutokea. Asubuhi ya safari ya Jeddah aliandika: "Mkataba wangu kuongezwa: 90."

Alikuwa mtakwimu katika kampuni ya ushauri mjini Riyadh, na mkataba wake ulikuwa unaisha Novemba hiyo ya 2022. Bila mkataba hakuna ikama, kibali cha kuishi, na bila ikama ni kurudi Kisumu. Barua ya kuuongeza ilikuwa imeshachapwa, ikingoja saini ya Hashim, mkuu wa idara, Mzanzibari aliyekaa Saudia miaka ishirini na miwili.

Mteja wa Jeddah alifuga ng'ombe wa maziwa kwa maelfu, na majani yao makavu yalitoka jimbo moja la jangwani Marekani. Mbunge wa huko aliyatetea mauzo hayo. Mpinzani wake aliapa kuyazuia. Mteja alitaka kujua nani angeshinda kabla hajatia saini ununuzi wa miaka mitano. Lorine alilitafuta jibu kwenye soko la ubashiri la mtandaoni, ambako watu hununua hisa za mgombea: akishinda, hisa inalipa dola moja; akishindwa, hailipi kitu. Hisa ya mbunge ilikuwa senti themanini na moja, naye akaandika daftarini: "Mbunge kushinda: 81." Yeye hakununua, kwa kuwa kamari Saudia ni marufuku. Alisoma bei tu, kama mtu anayesoma bei za dhahabu kwenye vioo vya maduka ya soko la Al-Dirah akapita zake.

Mkutanoni Jeddah, Ruqayya, binti wa mteja huyo na ndiye aliyeiendesha kampuni yake sasa, alikaa mwisho wa meza pamoja na wanasheria wawili. Hashim akafungua slaidi ya tatu. Ilisema kwa Kiarabu: mbunge atapata asilimia 81 ya kura.

Ripoti ya Lorine haikusema hivyo.

"Bosi," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeomba sukari, "hiyo slaidi iko na makosa. Themanini na moja si kura. Ni uwezekano wa kushinda."

Hashim hakuacha kutabasamu. "Asilimia ni asilimia, mwanangu. Kunywa kahawa yako."

"Anaweza kupata kura hamsini na moja kwa mia na bei bado iwe hiyo. Na mara moja kati ya tano anaanguka. Hawa wanasaini miaka mitano."

"Hebu acha! Unataka kuniumbua mbele za watu?"

"Basi niwaambie mimi, kwa Kiarabu changu."

"Kile cha kununulia nyanya?"

"Hicho hicho."

Ruqayya aliweka kikombe chini. "Mnabishana nini?" aliuliza kwa Kiarabu.

Lorine akainua vidole vitano, akakunja kimoja. "Khamsa," alisema. "Wahid, mafi." Mara tano; moja, hakuna.

Ikabidi Hashim amalizie kwa Kiarabu safi. Wanasheria wakanong'ona, kisha wakaongeza mkatabani kifungu cha kujitoa iwapo mauzo yatapigwa marufuku.

Kwenye ndege ya kurudi Hashim alibadilisha kiti. Lorine akaikata ile 90, akaandika mstari mpya: "Mkataba: 30."

Jumatano matokeo yalitoka. Mbunge alishinda kwa asilimia 50.8. Hashim akamwita ofisini.

"Ruqayya kapiga simu, anashukuru. Ile slaidi ingebaki, leo angeniuliza asilimia thelathini nyingine zimekwenda wapi."

"Ndiyo, bosi."

"Hesabu yako sawa. Lakini niliyesimama pale ni mimi, nikasahihishwa kwa vidole." Alisogeza barua kando. "Sitaitia saini."

Lorine aliitikia kwa kichwa.

"Kabla hujaondoka, niandikie yale ya mara moja kati ya tano. Wiki ijayo nina mteja mwingine."

Aliandika ukurasa mmoja na nusu, pamoja na mfano, akaupitia kutafuta makosa. Kisha akafungua daftari. Mbunge, 81: ilitokea. Mkataba, 30: haikutokea. Yote mawili hayakuthibitisha chochote. Makisio mawili ni machache mno.

Chini yake aliandika: "Kupata kazi nyumbani kabla ya Machi." Nafasi ya asilimia aliiacha wazi.