Mkate Usiopita Darajani

Salomon wa kijiji cha Wamaza alikuwa akipepeta mchele uani, kazi aliyojifunza baada ya kufiwa, mkewe Ernestine alipoingia, akamnyang'anya ungo na kumwambia anamwaga mchele kuliko makapi. Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu azikwe. Alikuja jioni, kama marehemu wengine wa kijiji wenye jambo la kuulizwa.

Jambo lenyewe lilikuwa michikichi. Kule Kasongo, bwana mmoja aitwaye Yassine alikuwa amemweleza Salomon kwamba iko nchi ya Ulaya inayompa visa mtu anayetia mali yake katika biashara ya huko, na tayari alikwisha kuona duka la mikate linalotafuta mshirika. Mfanyabiashara wa dhahabu wa Salamabila alitaka kuinunua michikichi, na bei yake ingetosha. Lakini aliyeipanda ni Ernestine, na mti uliopandwa na mwanamke hauuzwi bila kauli yake, awe juu ya udongo au chini.

"Unatafuta nini kule?" akauliza Ernestine.

"Kule watu hawafi sababu ya daraja."

Hakuhitaji kufafanuliwa. Tumbo lilipomshika, pikipiki ilimfikisha mtoni tu, hospitali iko ng'ambo. Mbao za daraja zilikuwa zimetolewa, zikaishia kwenye paa la mkubwa mmoja, na hakuna asiyelijua paa hilo.

"Uza," akasema. "Lakini weka jina yangu. Miti ni yangu."

Salomon akauza, akaliweka kwenye karatasi za duka. Yassine hakuuliza mwenye jina yuko wapi.

Siku chache baadaye Ernestine akaja na unga hadi viwikoni. Alikuwa amepita kule Ulaya, dukani, kuangalia mali yake. Wale watu, akasema, wanatia chumvi kama wanaiogopa. Basi akabaki kukanda. Tangu hapo kila jioni alirudi na mkate wa moto chini ya kwapa. Salomon alimchimba kwa maswali: tanuri lao ni la udongo ao la chuma? Theluji ikianguka inapiga kelele? Mzungu naye anapanga mstari?

"Anapanga, tena kimya, kama sisi tunapopita kuaga maiti."

Jirani yao, Mama Consolée, alileta bakuli kuomba chachu. Akaletewa.

Serikali, ambayo haikuwahi kuja kwa ajili ya daraja, ilikuja kwa ajili ya mkate. Mawakala wawili walivushwa mto mabegani mwa vijana, viatu vyao havikulowa, wakasema huu ni mkate wa kigeni na haukulipiwa ushuru. Walikula ushuru palepale, wakaomba na chai, kisha wakavushwa tena.

Visa ikatoka. Yassine aliileta mwenyewe. Ilikuwa na picha ya Ernestine, unga kwenye paji la uso. Salomon akaigeuza, akatazama upande wa nyuma kama naye yumo.

"Papa, wanapatia mwenye mali, tena anayeonekana kazini. Weye hawajakuona."

"Lakini yeye alikufa."

"Ile hawakuulizaka."

Salomon akamkaribisha mkate. Wakaumega pamoja. Ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Jumamosi ikapigwa ngoma ya salongo, ile kazi ya lazima ya barabara. Mkubwa alituma neno kwamba mwananchi mwema hujitengenezea daraja lake. Salomon alishuka mtoni na panga, akaanza kufunga miti kwa kamba za porini, maji kifuani, pamoja na wenzake.

Ernestine akapita mchana kweupe, akielekea kazini Ulaya. Sasa alikuwa na ruhusa, hakuwa na haja ya kungoja jioni. Visa aliifunga katika pindo la kitenge. Alitembea juu ya maji kando ya daraja, bila kuligusa. Wanaume wakamsalimu, akaitikia. Alipofika usawa wa mumewe akasimama.

"Papa, huu muti wa katikati umeoza. Utaua mutu."

Salomon akaujaribu kwa mkono, akaona ni kweli, akauchomoa. Akatazama huku na huku kutafuta mwingine. Mbao nzuri zilionekana toka pale, ng'ambo, zimenyooka, juu ya nyumba ya mkubwa.