Fundi Aliyekataa Kupanda Boti

Hii ninayokupa hautaiamini. Mimi mwenyewe, mkusanya nauli wa boti ile, nilikuwa ndani, simu mkononi, na bado naiona kama uongo. Papa Sévère, fundi wa moteri anayejulikana toka Uvira mpaka Makobola, alikataa kupanda boti ambayo moteri yake aliitengeneza kwa mikono yake!

Ufukoni kwetu Kimanga fundi akimaliza moteri, safari ya kwanza anakaa kando yake. Akikaa, watu wanapanda. Asipokaa, hakuna anayeweka mguu. Toka ndugu yake azame, Papa Sévère alikuwa anasamehewa. Jina lake lilitosha.

Asubuhi ile ya soko la Makobola, jina halikutosha.

Mama Mwamvua, mwenye boti, alikuwa amechoka kule kuchoka ambako hata hasira inakosa pa kukaa. Wiki iliyopita moteri yake ilizimika katikati ya ziwa. Boti ikaelea na abiria mchana kutwa, watoto wakilia kiu, mpaka wavuvi wakaja kuivuta. Toka hapo ni ubishi tu: yeye anasema fundi ameharibu kazi, fundi anasema moteri imekunywa mafuta machafu. Fundi akaifungua tena, akaisafisha, akairudisha.

"Papa Sévère, panda twende," alisema, sauti imekauka.

"Miye sipandi, mama. Moteri iko muzima."

"Kama iko muzima, unaogopa nini?"

"Naogopa maji."

Ufuko mzima ukacheka. "Ooo! Fundi wa boti anaogopa maji!" alipiga kelele Térence, muuza chumvi. "Kesho muchinjaji ataogopa nyama!"

"Cheka, Térence. Ziwa ilibeba ndugu yangu nikiwa nashika mukono yake. Toka siku ile muguu yangu inafika hapa tu." Akaonyesha pale mawimbi yanapoacha povu.

Mvuvi mmoja akatikisa kichwa. "Basi moteri yangu iliyo kwako, nakuja kuitoa leo."

"Na yangu pia," akasema mwingine.

Niliona mikono ya Papa Sévère inatafuta kitu cha kushika na haikioni.

Hapo ndipo Alliance, binti yake, mshonaji, akakunja kitenge, akaingia majini mpaka magotini na kupanda. "Nitakaa pahali pa papa," alisema. Watu nao hawakusogea. Walitaka kusikia moteri kwanza.

Mama Mwamvua akainua bidon, dumu la mafuta, lenye nusu iliyobaki toka safari ile mbaya, akaanza kuinamisha. Akasita. Akafungua kitenge cha juu alichojifunga kiunoni, akakitandika juu ya mdomo wa tangi, akamimina polepole kupitia humo. Mafuta ya bidon yanachujwa hivyo kila siku. Hata mtu mvivu anajua.

Alipokiinua, katikati ya kitenge pamebaki tope jeusi lenye mchanga, zito kama masalio ya kahawa.

Mgongo wake uliwaziba macho watu wa ufukoni. Walioona ni yeye, ni Alliance, na ni mimi.

"Siku ile ulichuja, mama?" Alliance aliuliza chini chini.

Mama Mwamvua alilitazama lile tope. Uso wake ulilegea, kama wa mtu anayetua mzigo na kukuta bado mwingine mgongoni.

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu."

Akakikunja kitenge, tope ndani, akakibana kwapani. Akavuta kamba. Moteri ikaitika mara moja, tamu, bila kukohoa. Loo, watu walivyokimbia! Mabeseni, kuku, magunia, boti ikajaa. Térence akapanda akigeukia ufukoni: "Umeona, Sévère? Mpaka tukucheke ndiyo unatengeneza vizuri!"

Papa Sévère alikuwa ameinama, anaokota vyombo vyake kimoja kimoja. Wale wavuvi wawili wamesimama nyuma yake, wanangoja kumfuata nyumbani wakachukue moteri zao. Alliance alimtazama tu Mama Mwamvua, hapepesi macho.

Mama Mwamvua akazima moteri.

Zikabaki sauti za kuku tu.

"Nini tena, mama?" akauliza Térence. "Imekufa?"

"Haijakufa," alisema, na akasimama. Mbele yake, watu wale wale walioelea ziwani mchana kutwa, wanaoamini kosa ni la fundi. Wakijua, watashuka, na kesho watatafuta boti nyingine. Ng'ambo ya povu, mtu anayeondoka na jina limevunjika, bila hata kugeuka. Mkono wa Mama Mwamvua ukaenda kwapani, ukashika kitenge, ukatulia hapo.

Simu yangu iliteleza, nikaidaka. Yeye bado amesimama.

Sasa niambie weye unayesoma: ingekuwa kwapani mwako, ungekifunua?