Matone Matatu kwa Dakika

Mtaani walimwita Kauka, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka thelathini na mitatu alikuwa fundi bomba, na kila kiungo alichokikaza kilikauka kikabaki kikavu. Kujisifu pia alikujua, tusimsingizie upole. Bomba la jikoni kwake mwenyewe lilikuwa likidondosha tangu binti yao wa mwisho yuko chekechea, na sasa binti huyo ana watoto wawili, lakini hayo mkewe alikuwa ameshachoka kuyasema.

Alipostaafu alinunua boti ndogo ya injini. Hakuinunua ili avue wala ili aringie watu. Dada wa mkewe aliishi ng'ambo ya ghuba, na tangu apasuliwe goti hakuweza kusafiri. Kwa barabara ni kuzunguka kutwa nzima, na mkewe akipanda basi huanza kutapika kituo cha kwanza. Kwa boti ni dakika arobaini tu. Miaka miwili ndugu hao walikuwa wakisikiana kwa simu, na kila simu ikikatika mkewe hubaki mbele ya cherehani bila kushona. Kimya kile kilimuuma Kauka kuliko maneno.

"Nitapanda," mkewe alimwambia, "siku nitakayojua maji ya humo ndani yanatoka wapi."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Siku boti ilipoletwa, aliinua ubao wa kukanyagia, akaiona ngama, yaani ule mvungu wa chini kabisa maji yanamojikusanya, imejaa maji ya kuzamisha kiganja.

Basi kila Jumamosi asubuhi alikuja gatini na kikapu chake, akainua ubao, akatia kidole. Kidole kilitoka kikavu.

"Hata tone!" Kauka alitamba.

Mkewe alimtazama yeye badala ya kidole, akarudisha ubao. "Jumamosi ijayo," alisema, akaondoka na kikapu chake. Kauka alidhani anapitia sokoni.

Asichokisema Kauka ni kwamba saa nzima kabla ya hapo alikuwa amepiga magoti, akifua maji kwa kopo na kufuta ngama kwa vipande vya vitambaa alivyookota chini ya cherehani. Aliona haya. Fundi bomba mzima, na boti yake inavuja!

Chanzo alikipata, maana kazi aliijua. Alikausha ngama yote, akatandika vipande vya gazeti kila penye kiungo, akawasha injini, kisha akakaa akisubiri. Magazeti yote yalibaki makavu isipokuwa moja, lile la chini ya shafti, pale inapotoboa boti kwenda kuzungusha propela. Tone likaanguka. Baada ya kitambo, jingine.

"Nimekukamata," alisema, akachukua spana akakaza nati inayobana shafti pale.

Tone halikukoma, naye hakukoma. Wiki ya sita alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipowasha injini ikanguruma kwa shida, harufu ya grisi iliyoungua ikajaa, na alipogusa shafti ikamuunguza, akaruka nusura atumbukie majini. Sasa maji hayakudondoka tena, yalitiririka.

Ikabidi ameze kiburi amwite fundi wa injini, mwanamke mfupi ambaye watu wa gatini walimwita Spana. Walingoja maji yapwe, boti ikakaa mchangani. Spana alifungua nati, akatoa kamba ya kuzibia, nyeusi kama mkaa.

"Nani kakaza hii?"

Kauka akaanza kuwaangalia ndege.

"Mzee, umeikaba koo. Kamba hii inapozwa na maji. Injini ikizunguka, lazima ipate matone mawili matatu kwa dakika. Ukizima, yanakoma. Hayo machache utawekewa pampu yenye kiboya, itayatoa yenyewe."

"Yaani niiache ivuje? Binti, mimi ni fundi bomba!"

"Ndiyo maana imeungua."

Alitia kamba mpya, akaikaza kwa adabu. Maji yalipojaa waliwasha injini, na Kauka akahesabu kwa saa ya mkononi: matone matatu kwa dakika. Mkono ulimwasha kwa hamu ya kukaza.

Jumamosi ilipofika alikuwa na kitambaa mfukoni. Alikuwa ameijaribu injini asubuhi hiyo, na ngama ilikuwa na unyevu. Kufuta ni kazi ya dakika moja. Alizisikia hatua za mkewe zikija, akakitoa kitambaa, akakitazama, akakirudisha mfukoni.

"Mke wangu, kaa nikwambie." Akamwambia yote: kopo, vitambaa, nati, Spana. "Maji yanatoka hapa kwenye shafti. Na yataendelea kuingia, kidogo kidogo. Ndivyo inavyotakiwa."

Mkewe alitia kidole, kikatoka kimelowa. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Vitambaa vyangu vinapotea wiki sita, ulidhani nawashuku panya? Na wewe unanuka dizeli mpaka mto wa kulalia! Nilikuwa nangoja useme. Mtu anayenificha maji ya kiganjani, nitamwamini vipi tukiwa katikati ya ghuba?"

"Sasa je?"

"Sasa washa. Na lile la jikoni usije ukaniambia nalo lazima lipozwe."

Akapanda, akaketi, akafungua kikapu chake magotini. Ndani kulikuwa na gauni jipya lililokunjwa vizuri, lenye mifuko mikubwa kama apendavyo dada yake.

"Umelishona lini?" Kauka aliuliza.

"Wiki ya kwanza," mkewe alisema. "Kila Jumamosi nilikuja nalo."