Tundu la Maiki
…na kamera inafanya kazi, taa yake nyekundu ile pale juu ya kioo, inatuona sote wawili, mimi na baba, mabega yanagusana kwa sababu kindege chenyewe ni chembamba, futi elfu nne, hewa imetulia kama maziwa kwenye bakuli, sina la kufanya ila kushika usukani kwa vidole viwili na kumsikiliza, na leo baba kafunguka, anaongea tangu tulipoiacha ardhi, sauti imekwaruza lakini kwenye hedifoni inafika karibu kabisa, ndani ya kichwa changu, utadhani ndiko anakoishi… Alhamisi daktari ataondoa koromeo la baba, alitueleza huku akichora kwenye karatasi, uhai utabaki, sauti ndiyo itakwenda, mama akauliza, hata kidogo? daktari akasema, hata kidogo, mimi nikainuka nikaenda kununua kinasa sauti, ndivyo nilivyo, wenzangu wanalia mimi natafuta bisibisi… "Upepo wa ubavuni usishindane nao," anasema baba, mkufunzi hastaafu, "uegemee tu kidogo," naam, nasema, na kwenye kinasa sauti kilicho juu ya goti langu mstari wa kijani unaruka, baba anaendelea, mstari umelala… umelala. Ngoja. "Kweli, baba?" Unaruka. Anajibu maneno kumi, ishirini, na mstari umelala chali, Mungu wangu, waya nimeuchomeka kwenye tundu la maiki yangu, si la hedifoni, asubuhi nilijaribu peke yangu, moja mbili tatu, nikaisikia sauti yangu safi kabisa, nikajipongeza, rubani mzima, kumbe chombo kinanisikia mimi tu, dakika arobaini za naam, eh, kumbe, halafu ikawaje, na katikati hakuna kitu, kamera nayo haisikii ila injini, kwenye video midomo ya baba itacheza na mjinga mmoja pembeni yake ataitikia, mama ataitazama hiyo na kuniuliza, alisema nini hapa? nami nitasema nini…

Mkono umeshafika kwenye plagi, kuhamisha ni sekunde tano tu, lakini ili waya uingie tundu la hedifoni lazima kwanza nizichomoe, zitakufa, sekunde tano sitamsikia, basi nangoja anyamaze kidogo, vuta pumzi baba, na yeye havuti, "siku ile niliyokuacha uruke peke yako," anasema, "nimesimama kando ya njia ya kurukia, redio mkononi," naikumbuka, nitaisahauje, nilizunguka uwanja mzima nikingoja aseme punguza gesi, inua pua, mtu aliyenikemea miezi mitatu mpaka ndotoni, na redio haisemi kitu, ni mvumo tu masikioni, shshsh, nikatua kwa kudunda mara tatu, nikashuka nikamfokea kwamba redio yake mbovu, ikapelekwa kwa fundi, fundi akaifungua akasema nzima hii, tukamcheka fundi, miaka yote hii namcheka yule fundi… "Redio ilikuwa nzima, mama," anasema baba, hivyo ndivyo aniitavyo mimi binti yake akiwa amelainika, "nilibonyeza, nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Nilikuona kadogo kule juu, nikaona nikisema lolote utaanguka." Anakohoa. "Nikabaki nimebonyeza vilevile mpaka ulipogusa chini. Kidole kikafa ganzi." Anacheka kidogo, kisha ananyamaza.

Alikuwa yeye, ule mvumo, mzunguko mzima, kidole kwenye kitufe, mzee mwenye maneno kwa kila kitu amesimama juani hana hata moja, na mimi juu nikamtukana moyoni… sasa amenyamaza, hii ndiyo nafasi yenyewe, plagi iko kati ya vidole vyangu, taa nyekundu inawaka, mawingu yanapita chini taratibu, nampenda huyu mtu, chomoa sasa, chomoa, sekunde tano tu… sekunde tano za kimya chake, na kimya chake sasa najua kina nini ndani, siwezi kukitupa. Natoa mkono kwenye plagi. Hedifoni zinavuma, ndani ya mvumo kuna pumzi yake, inapanda, inashuka. "Mbona huongei?" anauliza.

"Nakusikiliza, baba."