Kanda Iliyorudi kutoka Sericho

Skrubu zilikuwa tano, ndogo kama mbegu za simsim, na Kagwiria alizipanga ndani ya kifuniko cha soda zisipotee. Kisha akaipasua ile kanda taratibu, kama mtu anayefungua ganda la njugu. Utepe wa kahawia ulikuwa umeota ukungu mweupe ukingoni. Nikageuza uso. Miaka ishirini na minne nilikuwa nimeilaza kanda hiyo ndani ya kopo la majani chai, chini ya nguo zangu za Idi, na sikuwahi kuliona tumbo lake.

"Usiogope, shosho," Kagwiria alisema. "Nimeona mbaya kuliko hii. Wiki jana mzee mmoja aliniletea kwaya iliyoliwa na mchwa."

"Na ikaimba?"

"Ikaimba! Sauti ya tatu tu ndiyo iliyomezwa, na hiyo hata mchwa hawakukosea."

Mjukuu wangu Amran alicheka huku amejishika tumbo. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Tangu serikali ya kaunti ije ameajiriwa katika ofisi ya maji, na katika safari zake za chakula cha mchana ndipo alipoliona duka hili karibu na stendi, limeandikwa mlangoni: picha za pasipoti, kuchapa barua, kanda za zamani kuingia kwenye kompyuta. Tangu siku hiyo sikupumua. "Akko," aliniambia kila jioni, maana ndivyo wajukuu wa Kiborana wanavyotuita sisi nyanya zao, "nataka kumsikia mama kabla mimi sijawa mama."

Mama yake alikuwa Gumato, kifungua mimba wangu. Aliolewa Sericho na Arero, mchunga ngamia, akafa huko siku aliyomzaa Amran. Hakuacha picha. Mtoto nimemlea kwa maziwa ya mbuzi na kwa ahadi moja: mama yako yumo ndani ya kopo, ukikua utamsikia.

Sikuwa nikidanganya. Siku hizo Sericho hakukuwa na simu, na kati yetu wawili niliyejua kuandika ni mimi peke yangu, tena kwa darasa la saba. Kwa hiyo tulitumiana sauti. Gumato alizungumza ndani ya redio kaseti ya mume wake, kanda ikaja Isiolo na lori la mbuzi la Waqo. Mimi nikasikiliza, nikairudisha nyuma, nikazungumza juu ya maneno yake, na Waqo akaondoka nayo pamoja na unga na sukari. Kanda ilikuwa moja, nayo ilikwenda na kurudi mpaka lebo yake ikachubuka. Wala haikurudi bila jibu. Kwetu hurudishi kibuyu cha mtu kikiwa kitupu. Utatia hata tone la maziwa. Kanda tuliihesabu kama kibuyu.

Sasa, mara ya mwisho nayo kanda ilirudi. Arero aliileta mwenyewe, imefungwa pamoja na nguo za mtoto, wala hakusema neno juu yake. Nikajua Gumato amenijibu. Nilijua pia ninajibiwa nini, ndiyo maana mwaka wa kwanza nilisema redio ni mbovu, mwaka wa pili nikasema hakuna betri, na baadaye sikuulizwa tena.

Kagwiria alifuta utepe kwa pamba na spiriti, akauhamishia katika ganda jipya, akauzungusha kwa kalamu. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Nami, ili nijisahau, nikafanya nilichozoea.

"Kitendawili!"

"Tega!" wote wawili wakaitika.

"Nina mnyama wangu. Nikimlisha leo, anasahau cha jana."

"Mlevi!" Kagwiria akasema upesi.

"Mheshimiwa baada ya kura," akasema Amran.

"Ni huyo unayemfuta mgongo, binti yangu. Kanda."

Kagwiria alicheka, akachomeka waya kutoka kwenye mashine ya kaseti hadi kwenye kompyuta, akabonyeza. Kioo kikaanza kuchora vilima vya kijani, kimoja nyuma ya kingine. Mvumo wa upepo ukatoka, kisha sauti ya mwanamke, nzito, yenye haraka, ikisalimu kwa Kiborana.

"Aa, sauti nzuri!" Kagwiria akasema. Yeye ni Mmeru. Hakuelewa hata neno. "Kali kidogo, lakini nzuri. Huyo ndiye mama?"

Amran alikuwa ameinamia spika, tabasamu limetanda. Polepole likakauka.

"Akko," alisema. "Huyu ni wewe."

Nilikuwa mimi, mwenye miaka arobaini na meno yote, nikisema: *Gumato, nimekusikia, na Waqo yuko mlangoni ananingoja, basi sikiliza. Kuvimba miguu si ugonjwa. Mimi nilivimba kwa ajili yako na nikachunga mbuzi. Kichwa kinauma kwa sababu ya jua. Ukikimbia nyumba ya watu kwa mimba ya kwanza, watasema Arero ameshindwa kukulisha, na mimi watasema nini? Vumilia. Ukijifungua nitakuja na samli.*

Hakukuwa na jibu. Kibuyu kilirudi vile vile nilivyokijaza mwenyewe. Sijui hata kama kilimkuta hai.

Amran alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mkono asioujua. "Alikuwa mgonjwa," akasema. "Alikuambia."

"Aliniambia."

"Uliniambia alikufa ghafla."

Kagwiria, kwa kuona nyuso zetu, akapunguza sauti. "Mlirekodi juu ya nyingine, sivyo? Pole. Ya chini ikishafutwa, haifufuki."

Ndani ya spika kikasikika kitufe, *tak*, na vilima vikalala. Mstari ulionyooka ukaanza kutambaa kwenye kioo. Kagwiria alinyoosha mkono kuzima. Kabla kidole hakijafika, vilima vikainuka tena, vidogo, vya chini, na sauti nyingine ikaingia katikati ya neno.

Barua yake ilikuwa ndefu kuliko jibu langu. Nilipoishia mimi, yeye alikuwa bado anazungumza.

*...na usiku naona cheche machoni. Wanasema ni jini. Mama, najua utaniambia nivumilie, na ninavumilia. Lakini safari hii usinitumie maneno. Njoo mwenyewe. Hata ukija kunigombeza, njoo tu. Nimemwambia Waqo akungoje, amekuachia kiti cha mbele.* Hapo akacheka kidogo, pumzi imemwishia. *Huyu mtoto amepiga teke. Amesikia nakutaja.* Mbuzi akalia, utepe ukafika mwisho.

Sehemu hiyo sikuwahi kuisikia. Siku ile Waqo alipiga honi nikiwa katikati ya kanda, nami nikajiambia malalamiko ni yale yale, nikairudisha nyuma na kubonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Nilipompelekea kanda kupitia dirisha la lori, aliipokea, akaitazama, akanitazama. "Ni hii tu, mama?" Nikasema ni hiyo tu. Nilidhani anauliza mzigo. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, amekitandikia gunia safi.

Amran alikuwa analia bila sauti, kiganja kimebandikwa kwenye spika.

"Mbona mnalia, na yeye amecheka?" Kagwiria aliuliza kwa upole. Kisha akauliza kama fundi. "Nihifadhi zote mbili, ama niikate hii ya kwanza?"

Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema kata. Amran akatangulia. "Usikate kitu."

Kisha kwa Kiborana, bila kunigeukia: "Ungesikia yote, ungepanda?"

Nilitaka kumpa neno tamu. Nimemlisha mengi. "Sijui," nikasema. "Nadhani ningesema ni utoto."

Akaitikia kwa kichwa. Alijifuta uso kwa shungi, akaegemea kiti, akajipapasa katikati ya nyusi kwa vidole viwili, hivi, kama anayebana kitu kisitoke.

"Kichwa kinauma?" nikauliza.

"Kidogo. Tangu Jumatatu. Mama mkwe anasema ni kioo cha kompyuta."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya duka, mimi na magoti yangu haya. Kagwiria akasogeza waya nipite. Nikaliinua dera la Amran hadi juu ya kifundo, nikamvua kiatu, ambacho kilikuwa kimeacha alama nyekundu kuzunguka mguu wote uliovimba. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu. Kisha nikakiondoa kidole, na sote watatu tukatazama lile shimo lililobaki, tukingoja lijae.