Waliokuja Kupunguza

Asubuhi kwetu haianzi kwa "hamjambo". Inaanza kwa viungo. Mwanamke akifika chumba cha pasi anatundika mkoba kwenye msumari, anafunga aproni, halafu anamgeukia mwenzake.

"Kiuno, umeamkaje?"

"Kimeamka kabla yangu. Nimekikuta jikoni kinachemsha chai."

"Na wewe Shingo?"

"Nageuka upande mmoja tu. Wanaotaka kunisengenya wakae kulia."

Ndivyo wanavyoitana: Kiuno, Shingo, Kidole, Bega. Kila mmoja ana jina la mahali panapomuuma, na wanacheka, kwa sababu wasipocheka hawatainua hata taulo. Tunafua mashuka ya hoteli na hospitali. Katika chumba hiki mashuka hutoka yamenyooka na watu hutoka wamepinda.

Mimi sina jina la kiungo. Ni msaidizi wa usalama kazini, nina cheti cha chuo na meza ndogo karibu na mlango. Neno langu kubwa ni "sawa". Nikiambiwa fanya, sawa. Nikiambiwa acha, sawa. Sauti yangu huwa haivuki meza yangu.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Bega kuulizwa hali yake. Alikuwa amefungua mdomo kujibu, Meneja akaingia. Meneja haingii chumba cha pasi hivi hivi; joto humharibia kola. Nyuma yake alikuja mwanamume wa viatu vilivyochongoka, akikanyaga sakafu yetu yenye maji kama paka aliyetupwa nje ya nyumba.

"Huyu ni Mtaalamu," Meneja akasema. "Amekuja kuangalia miili yenu inavyofanya kazi. Tunataka kupunguza."

Akanyamaza ili afute jasho. Nadhani hakujua sentensi ameikatia wapi. Mara ya mwisho neno hilo lilipotamkwa hapa, nusu ya wanawake wa chumba cha mashine walikwenda nyumbani na hawakurudi.

"Kupunguza hatari," Mtaalamu akamalizia kwa tabasamu. Lakini neno lake lilichelewa. La Meneja lilikuwa limeshafika.

Mtaalamu akauliza nani anaumwa. Wanawake wakapona mbele ya macho yangu. Kiuno akasimama wima kama mlingoti. Shingo akageuka kulia, akageuka kushoto, machozi yakimlengalenga.

"Mgongo?"

"Mzima, baba."

"Mikono?"

"Hii hapa, yote miwili."

"Kwa hiyo hakuna malalamiko," Mtaalamu akasema, akigusagusa kishikwambi chake. "Vizuri sana. Hapa pana afya." Alifurahi kama mtoto aliyepewa pipi. Sijawahi kuona mtu aliyesoma sana akadanganyika kwa urahisi kiasi kile. Hakujiuliza kwa nini wanawake wanaonyanyua mashuka mabichi kutwa nzima wawe wazima kama watoto wachanga. Aliulizia afya kama mtu anayeulizia saa njiani, akajibiwa, akapita.

Akavua koti, akatafuta pa kulitundika, akalitundika kwenye mkono wa pasi kubwa.

"Sasa tuzungumze kuhusu mkao," akasema. Akainua kishikwambi juu, tukaona picha ya bwana mwenye tai, ameketi mbele ya kompyuta. "Magoti yakunjwe hivi. Mgongo uegemee hivi. Nyayo zitulie chini."

Kiuno akanyoosha kidole. "Samahani baba, tunakaa wapi?"

Mtaalamu akazungusha macho. Meza, matoroli, rafu, pasi. Kiti hakuna, hata cha kuwekea mguu. Meneja akaagiza kiletwe kiti chake mwenyewe, chenye magurudumu. Kililetwa kikisukumwa, gurudumu moja likatumbukia kwenye mfereji wa maji, likakwama. Mtaalamu akakikalia hapo hapo, kimeinamia upande, akatuonyesha mkao sahihi. Alikuwa kama mtu anayeanguka taratibu huku akitoa nasaha. Shingo akageukia ule upande wake mmoja ili asimcheke usoni.

Muda wote huo koti lilikuwa linaning'inia pale ambapo angetakiwa kutazama. Pasi kubwa ina mkono wa chuma unaovutwa kutoka juu. Fundi aliyeufunga alikuwa mrefu, akaupima kwa kimo chake, akaondoka. Bega ni mfupi. Hutandaza shuka, husimama kwa ncha za vidole, huvuta chuma, hushuka, huanza tena. Dawa yake haihitaji picha ya mwenye tai. Mkono wa pasi ushushwe, na wapokezane, asivute mtu mmoja kutwa nzima. Nilishamwambia Meneja. Alisema tusubiri mtaalamu. Nikasema sawa.

Bega ni mama yangu mdogo. Kazini namwita Bega kama wengine, lakini ndiye aliyenilea tangu sijui viatu vinavaliwa mguu upi. Siku hizi mimi ndiye ninayemchana nywele kabla hatujatoka, kwa sababu mkono wake wa kulia haupandi kupita sikio. Anaketi kwenye kigoda, nasimama nyuma yake, tunazungumza mambo ya jirani. Kazini huusukuma juu kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemnyanyua mtoto asiyetaka kuamka.

Pengine tungepona. Mtaalamu alikuwa anafungasha. Ndipo akaingia Goti, mwanamke wa uwanja wa kuanikia, akikokota toroli na mguu wake, hana habari ya lolote.

"Bega!" akaita kutoka mlangoni. "Hilo bega limelalaje, mama?"

Goti akatutazama, akamwona Meneja, akaufunika mdomo kwa kanga iliyokuwa begani mwake.

Mtaalamu akainua kichwa. "Kwa nini anaitwa Bega?"

Kiuno akaanza kukunja upya shuka lililokwisha kukunjwa.

"Mama, hebu inua mkono."

Mama mdogo akatabasamu, akainua. Mkono ukafika sikioni, ukagoma. Akaongeza tabasamu, kwa kuwa mkono haukuongezeka.

"Ahaa," Mtaalamu akasema, na akaandika. Alikuwa amepata alichokuja kutafuta. Akasogea kando yake kuchukua koti, akalitoa kwenye chuma bila hata kunyoosha kiwiko, akalivaa.

Meneja akanivuta pembeni. "Umeona? Huyu ndiye hatari yenyewe. Akitoka, hatari imepungua."

"Sawa," mdomo wangu ukasema, kwa mazoea.

"Basi kamwambie. Wewe ni binti, una sauti ya upole. Mwambie akapumzike."

"Akapumzike mpaka lini?"

"Mwambie tu akapumzike."

Nikamtazama. Mtu mzima, mwenye ofisi na feni mbili, hawezi kutamka neno moja mbele ya mwanamke mfupi aliyevaa aproni. Anatafuta msichana wa kujificha nyuma yake. Nilikuwa namwogopa mtu huyu. Nikajaribu kukumbuka kwa nini, nikakosa.

Nikaenda. Mama mdogo aliniona ninavyokuja, akaelewa. Akajaribu kufikia fundo la aproni mgongoni, mkono ukakataa.

"Nifungulie, mwanangu," akasema taratibu. "Usijisumbue kusema."

Nikalishika fundo. Nililifunga mwenyewe asubuhi. Nikalikaza.

"Bosi," nikasema. Sauti ilivuka meza. "Nimwambie nini?"

"Si nimeshakuambia?"

"Mwambie wewe. Yupo hapa."

Akamtazama Mtaalamu. Mtaalamu akatazama viatu vyake. "Kwamba... apumzike kidogo," Meneja akasema, akiiambia pasi.

"Unamfukuza?"

"Sijasema hivyo."

"Ndiyo, hujasema. Umekuja kupunguza na unaona haya kusema unapunguza nini." Nikaonyesha mkono wa pasi kwa kidole. "Hatari ni hicho chuma Mtaalamu alichotundikia koti lake. Akiondoka huyu, kesho atasimama mwingine hapo, naye ataitwa Bega. Mwite fundi akishushe."

Nyuma yangu kitu kikalia kwa uzito. Kiuno alikuwa amekwenda kwenye kiti cha Meneja, kilichokwama mferejini, akakikalia bila kuomba ruhusa, akishika mgongo wake kwa mikono miwili na kuguna mbele ya watu wote.

Meneja alinitazama kama mtu aliyesikia kabati likizungumza. "Wewe leo una nini? Si huwa unasema sawa?"

"Huwa nasema," nikamjibu. "Lakini kila niliposema sawa, bosi, nilimaanisha hapana."