Ziwa Lililotakata Kabla ya Uzinduzi

Ziwa lilitakata kabla ya kuzinduliwa, na hilo ndilo lililomponza Majivu.

Jina hilo alibandikwa kiwandani, maana kila jioni alitoka maabara nywele zimejaa vumbi la mavi ya chuma, yale makapi meusi yanayobaki chuma kikishayeyushwa. Miaka nenda miaka rudi yalirundikwa nyuma ya ukuta, hayana mwenyewe. Majivu aliyasaga, akayakanda kwa udongo wa mfinyanzi, akaviringa punje kama njegere, akazioka. Punje hizo zilifyonza mbolea iliyotiririka kutoka mashambani, ile iliyokuwa imeligeuza ziwa dogo la jirani kuwa uji wa kijani. Meneja, ambaye nyumbani ni mjomba wake, alimwahidi ajira ya kudumu siku ya uzinduzi wa usafishaji wa ziwa.

Mpango ulikuwa hivi: mgeni rasmi amwage ndoo moja ya punje, makofi, picha. Lakini punje hutaka wiki mbili majini. Majivu, kwa kuchelea mjomba asiumbuke mbele ya kamera, alijaza magunia sitini ya wavu, akayatumbukiza mwezi mzima kabla. Meneja wakati huo alikuwa akihangaikia rangi ya mapazia ya jukwaa. Ziwani hakutia mguu.

Alitia mguu asubuhi ya shughuli. Akaona kokoto chini ya maji.

"Nini hiki?"

"Maji, Mjomba."

"Hapa kazini mimi ni Bosi! Mgeni anakuja kusafisha nini? Nimekodi hema, nimekodi matarumbeta, bango limeandikwa 'Tuliokoe Ziwa Letu', na wewe umeshaliokoa!"

"Si ndiyo kazi mliyonipa?"

"Limeoza miaka ishirini, mwanangu. Lingeshindwa kuoza wiki moja zaidi?"

Akamwita dereva. Magunia mawili ya mbolea yakashushwa ukingoni.

"Kidogo tu," meneja akabembeleza. "Ya kupigia picha."

Majivu akakalia gunia la kwanza, miguu akaiweka juu ya la pili. "Hata ukimwaga yote, Bosi, halitakuwa kijani kwa saa moja. Kuchafua nako kunataka siku zake."

Dereva akageuka pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Meneja akafuta jasho kwa tai. "Basi utapanda jukwaani umwombe mgeni radhi kwa kutuvurugia shughuli. Ukikataa, ajira isahau, na mama yako nitamweleza mwenyewe."

"Mwambie na maji yalivyo."

Ving'ora vikasikika barabarani. Matarumbeta yakalia, mgeni akaketi, akalitazama ziwa, akaitazama ndoo aliyoandaliwa, akalitazama ziwa tena. Meneja akamsukumia Majivu kipaza sauti, meno nje, macho yakitisha.

Majivu akajipangusa vumbi mabegani.

"Mheshimiwa," akasema, "nimeletwa hapa niombe radhi kwa kuwa ziwa ni safi. Siombi."